Peleka Mbele!

Liko neno moja ambalo huku kwetu Utange husikika kila jioni likitoka katika vibanda vya video. Vibanda hivyo ni vya mabati. Madirisha yake yamezibwa kwa magunia ili nuru isiingie, na ndani yake vijana huketi bega kwa bega juu ya mabenchi, kila mmoja akiwa amelipa shilingi 20 mlangoni. Filamu inapokwenda kwa ngumi na bunduki, kibanda huwa kimya. Lakini mara mmoja wa waigizaji afunguapo kinywa kuimba, kelele hupanda toka pande zote: "Peleka mbele! Peleka mbele!" Mwenye kibanda hutii. Picha hukimbizwa, wimbo humezwa, na watu hurejea kwenye ngumi zao wakiwa radhi.

Nina ugomvi na neno hilo. Sigombani na vijana wenyewe, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Yapata miaka 20 iliyopita nilipiga kelele hiyo hiyo katika kibanda cha namna hiyo hiyo. Nagombana na neno, kwa sababu nimekuja kutambua kwamba mtu azoeaye kulitamka mbele ya filamu hulitamka pia mbele ya kitabu, mbele ya rafiki na mbele ya haki ya mtu. Nitakueleza jinsi nilivyolitambua jambo hilo, nawe utaamua kama nina haki ya kugomba.

Muhula mmoja niliwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu filamu ya Kimarekani iitwayo Singin' in the Rain. Tuliazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani, tukaziba madirisha kwa leso za akina mama wa jikoni. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1952 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, nayo iliongozwa na watu wawili, Gene Kelly na Stanley Donen. Kelly mwenyewe ndiye mwigizaji mkuu. Pamoja naye wamo Donald O'Connor, Jean Hagen na Debbie Reynolds, ambaye wakati wa kupigwa picha alikuwa msichana wa miaka 19. Ni filamu ya nyimbo na ngoma toka mwanzo hadi mwisho. Nililipiga marufuku neno "peleka mbele," nasi tukaitazama yote. Kisha nikamtaka kila mwanafunzi aandike maoni yake katika ukurasa mmoja.

Nilipokea kurasa 43. Nilizisoma zote usiku ule, na nakiri kwamba nilihuzunika. Sikuhuzunika kwa kuwa wengi hawakuipenda, maana mtu hashurutishwi kupenda. Nilihuzunika kwa kuwa nilikutana na hukumu nyingi na ushahidi haba. Hebu tuzitazame hukumu hizo moja moja, kwani yamkini hata wewe usomaye umepata kuitoa mojawapo.

Hukumu ya kwanza, iliyoandikwa na wengi kupita nyingine zote, ilikuwa hii: filamu ile ni ya uongo, kwa maana watu hawaimbi njiani. Mtu mwenye akili zake, walisema, akinyeshewa na mvua hukimbilia barazani. Hafungi mwavuli akacheza katika madimbwi.

Ajabu ya maneno haya ni mahali yalipoandikwa. Yaliandikwa Utange, na watoto wa pwani! Ni nani kati yao asiyepata kuwaona akina mama wakitoka na vugo siku ya harusi, wakigonga pembe na kuimba mbele za watu? Ni nani asiyepita penye matanga ya Wagiriama akasikia kayamba na nyimbo, watu wakimlilia marehemu wao kwa sauti na kwa miguu? Wavuvi wavutapo mashua mchangani huimba ili mikono yao ivute pamoja. Madrasa zetu hufundisha kwa kuimba, makanisa yetu huomba kwa kuimba, na timu ya mtaa ikishinda, vijana hurejea toka Bamburi juu ya bodaboda wakiimba mpaka sauti zikauke. Je, sisi ndio wa kuwaambia walimwengu kwamba watu hawaimbi njiani?

Mtu huimba pale maneno ya kawaida yanapokuwa madogo kuliko jambo lililo moyoni. Hiyo ndiyo kanuni ya vugo, na hiyo ndiyo kanuni ya filamu ile. Utazame wimbo wa mvua. Don Lockwood amemsindikiza Kathy Selden mpaka mlangoni kwake. Amependa, na amejua kwamba amependwa. Angesema nini? Kwamba amefurahi? Neno hilo watu hulisema hata wakiletewa chai. Basi anaufunga mwavuli wake, anauacha mwili useme, anaruka katika maji yanayomwagika toka paani, mpaka polisi anakuja kusimama na kumkazia macho. Ndipo anapotulia, akaondoka zake, na mwavuli akampa mpita njia. Haya yote, kwa taarifa yako, Kelly aliyacheza akiwa na homa kali. Furaha ile uionayo ni kazi ya mtu aliyejikaza. Aliyepeleka mbele sehemu ile hakuruka wimbo tu. Ameiruka furaha yenyewe, akabaki na habari kwamba mtu fulani alilowa.

Hukumu ya pili ni ya wale walioandika: filamu hii ni ya Wazungu, tena ni ya kale, nasi hatumo. Hukumu hii ina nusu ya kweli, wala siwezi kuwanyima nusu yao. Ni kweli kwamba katika filamu ile watu weusi hawaonekani ila kwa nadra mno. Tena iko dhuluma ndani yake, kwa sababu mchezo wenyewe wa kugonga sakafu kwa viatu vyenye vyuma, ambao Kelly na O'Connor wameuonyesha kwa ustadi mkubwa, ulikuzwa kwa sehemu kubwa na Waamerika weusi, waliochanganya ngoma za asili yao ya Kiafrika na michezo ya wahamiaji wa Ireland na Uingereza. Miguu yetu imo; nyuso zetu hazimo.

Lakini sikiliza jambo jingine, ambalo wanafunzi wangu hawakulijua. Katika miaka ya 1940 kampuni hiyo hiyo ya Metro-Goldwyn-Mayer ilikuwa na mwimbaji mweusi hodari, jina lake Lena Horne. Katika filamu nyingi nyimbo zake zilipangwa zisimame peke yake, zisifungamane na hadithi. Kwa nini? Kwa sababu filamu ilipopelekwa majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako watu weusi walibaguliwa kwa sheria, nyimbo zile ziliweza kukatwa na hadithi isikatike. Unaona, msomaji? Walikuwako watu waliosema "peleka mbele" kwa mkasi. Mkasi ule haukuchoshwa na muziki; uliuchukia uso wa mwimbaji.

Sisemi kwamba kijana wa kibandani ana nia ya watu wale. Yeye amechoka tu, anangoja ngumi. Lakini nasema kwamba kuruka wimbo si jambo dogo kama linavyodhaniwa. Wewe kijana mweusi wa Utange, kabla hujawa bingwa wa kuziruka nyimbo, wajue waliokutangulia katika kazi hiyo, na ujue ni nyimbo za nani walizoziruka. Na ukitaka kuilaumu filamu kwamba hatumo, lawama yako ni njema, ila ithibitishe. Nayo huwezi kuithibitisha ikiwa umeitazama nusu.

Hukumu ya tatu ilitoka kwa wanafunzi waliotaka kunifurahisha. Waliandika kwamba filamu ni bora kabisa kwa sababu ni mashuhuri duniani. Mmoja alikuwa ametafuta habari akanitajia kwamba mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza liliwauliza wahakiki wa nchi nyingi, nao wakaipa filamu hii nafasi ya 10 katika filamu bora za nyakati zote. Ni kweli. Lakini angetafuta zaidi angaliona kwamba filamu hiyo haikupata hata tuzo moja ya Oscar. Na filamu nyingine ya Kelly, An American in Paris ya mwaka 1951, ndiyo iliyokuwa imepewa tuzo ya filamu bora. Leo ya kwanza ndiyo isifiwayo zaidi. Tangu mwaka 1952 filamu yenyewe haikubadilika. Waliobadilika ni watazamaji. Basi mwanafunzi wa zama zile angeiinua An American in Paris kwa kuwafuata wakubwa wa zama zake, na mwanafunzi wa leo anaiinua Singin' in the Rain kwa kuwafuata wakubwa wa leo, na wote wawili wangekuwa hawajafumbua macho. Kusifu kwa kufuata ni mwenziwe kulaani kwa kufuata. Yule wa kibandani hupeleka mbele picha. Huyu hupeleka mbele akili yake mwenyewe.

Hukumu ya nne haikuwa hukumu, ilikuwa kimbilio. Waliosalia waliandika: kila mtu ana maoni yake; akili ni nywele. Methali ni ya wahenga nami naiheshimu. Lakini hata nywele huchanwa! Mtu atokaye nyumbani na nywele timtim hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ni zake. Maoni ni kama shahidi mbele ya kadhi. Huulizwa: Ulikuwa wapi? Uliona nini? Nani alitangulia, nani alifuata? Shahidi asemaye, "Mimi naona hivyo tu," hutolewa nje, na kesi huendelea bila yeye. Vivyo hivyo anayesema kwamba filamu ni mbaya, au ni nzuri, hajasema neno bado. Atakuwa amesema siku atakapoongeza "kwa sababu," na baada ya "kwa sababu" akaweka kitu alichokiona kwa macho yake.

Katika kurasa zile 43 ulikuwamo mmoja wenye mistari mitano tu. Uliandikwa na msichana aketiye nyuma, msemaji haba, ambaye katika muhula mzima sikumsikia akiinua sauti. Hakuandika kama aliipenda filamu wala kama aliichukia. Ili uelewe alichoandika, sina budi kukupa hadithi kwa ufupi.

Mambo yatokea Hollywood mwaka 1927, filamu zilizokuwa kimya zinapoanza kusema baada ya kutoka kwa filamu iitwayo The Jazz Singer. Lina Lamont, nyota mzuri wa filamu za kimya, ana sauti ya kukwaruza masikio. Filamu yake ya kwanza ya kusema inapoonyeshwa kwa majaribio, watazamaji wanaangua vicheko na kutoka wakiizomea. Ndipo marafiki wa Don wanapobuni hila: Kathy, msichana asiyejulikana, asimame mbele ya kinasa sauti, aseme na kuimba; watu wataona midomo ya Lina na kusikia koo la Kathy. Hila yafaulu. Mkuu wa kampuni akusudia kuliandika jina la Kathy katika filamu, lakini Lina anamtisha kwa mashtaka, na jina linaondolewa. Tena ataka Kathy abaki hivyo hivyo, sauti isiyo na uso. Usiku wa kuzinduliwa filamu, watazamaji wanamshangilia Lina na kumtaka awaimbie pale pale jukwaani. Kathy anasimamishwa nyuma ya pazia aimbe kwa niaba yake. Wenzake wanalivuta pazia, na ukumbi mzima waona ukweli. Watu wanacheka mpaka basi. Kathy anakimbia. Don anawapigia watu kelele wamzuie, akiwaambia kwamba yule ndiye mwenye sauti waliyoipenda usiku ule.

Darasa langu lilicheka pamoja na ukumbi ule, nami nilicheka. Msichana yule aliandika kwamba yeye hakucheka, kwa sababu alimtazama Kathy. Aliandika kwamba waliokuwa ukumbini walimcheka Lina kwa uongo wake, lakini kabla ya pazia kufunguliwa hakuna hata mmoja wao aliyeuliza sauti ile ilitoka wapi. Na kwamba mtu aliyesimama gizani akiimba, kicheko kilimpata yeye pia. Hiyo ndiyo ilikuwa mistari mitano. Ndani yake mlikuwa na "kwa sababu," na mlikuwa na macho.

Sasa nikueleze jambo ambalo filamu yenyewe haikulieleza. Katika wimbo mmoja, Would You?, twaonyeshwa Kathy akimwimbia Lina. Lakini sauti tuisikiayo si ya Debbie Reynolds, mwigizaji wa Kathy. Ni ya mwimbaji mwingine, Betty Noyes. Na pale Kathy anapoonekana akisema maneno kwa niaba ya Lina, sauti ni ya Jean Hagen, mwigizaji wa Lina mwenyewe, akisema kwa sauti yake ya asili, ambayo ilikuwa nzuri. Jina la Betty Noyes halimo katika orodha ya majina ya filamu. Waama, hii ni ajabu kubwa! Filamu iliyotungwa kuikemea dhuluma ya kumnyima mtu jina lake iliazima sauti ya mtu, ikaimba nayo, ikanyamaza.

Wala haikuwa peke yake. Marni Nixon aliimba badala ya Deborah Kerr katika The King and I ya mwaka 1956, badala ya Natalie Wood katika West Side Story ya mwaka 1961, na sehemu kubwa ya nyimbo za Audrey Hepburn katika My Fair Lady ya mwaka 1964. Filamu hizo zilipotoka hazikumtaja. Leonard Bernstein, aliyetunga muziki wa West Side Story, aliona aibu hiyo akamkatia sehemu ndogo ya mapato yake mwenyewe. Lakini mamilioni ya watu walikwisha kutoka ukumbini wakimsifu mwingine.

Huenda ukaniuliza: watazamaji wangefanya nini? Wao hulipa mlangoni, huketi, hutazama, huondoka. Maoni yao yana nguvu gani? Ili nikujibu, niruhusu nikuvushe kwanza mpaka kisiwani Mombasa, kisha mpaka India.

Mamangu hunisimulia jinsi yeye na wenziwe, katika miaka ya 1970, walivyokuwa wakitoka huku Kisauni, wakavuka daraja la kale la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, wakaenda kutazama filamu za Kihindi. Walikuwa na Naaz, walikuwa na Regal, walikuwa na Majestic; majumba ambayo leo hayaonyeshi filamu tena. Hakuna aliyepiga kelele ya "peleka mbele" katika majumba hayo. Nyimbo ndizo zilizowavusha daraja! Kihindi hawakukijua, lakini walirudi na mahadhi vinywani, na juma zima mahadhi yale yalitwanga na kupika pamoja nao.

Basi katika filamu za Kihindi pia mwigizaji huonekana na mwimbaji husikika. Mwaka 1949 ilitoka filamu iitwayo Mahal. Wimbo wake mmoja ulipotiwa katika sahani ya santuri, jina la mwimbaji lililoandikwa lilikuwa Kamini. Na Kamini ni mtu wa ndani ya hadithi, si yule aliyeimba. Wimbo ulipopigwa redioni, wasikilizaji walianza kuandika barua wakiuliza: ni nani aliyeimba? Hawakuridhika na jina la hadithini. Waliuliza mpaka wakajibiwa kwamba ni Lata Mangeshkar. Alikuwa bado kijana wa miaka 20, na jina hilo halikufichika tena. Mwaka 1959 tuzo za Filmfare za nchi hiyo zikaanza kuwatuza waimbaji wa nyuma ya pazia, na wa kwanza kupewa alikuwa Lata huyo huyo.

Hayo, msomaji, ndiyo maoni ya watazamaji na wasikilizaji. Watu wale hawakusema, "Wimbo mzuri," wakageukia upande wa pili. Waliusikiliza mpaka wakamhisi mtu aliyekuwa ndani yake, nao wakamwulizia. Angekuwapo mtu wa kuupeleka mbele wimbo ule, Kamini angebaki Kamini.

Na sisi je? Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji tarabu wa Mombasa aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi aliyoyatwaa mara nyingi katika filamu za Kihindi. Na mengi ya mashairi hayo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Sauti ya mmoja, maneno ya wa pili, mahadhi ya wa tatu aliye ng'ambo ya bahari. Wazee waliosikiliza kwa haki walizijua pande hizo na kuzijadili barazani. Leo kijana huitia nyimbo hiyo katika simu yake, akaandika juu yake "tarabu ya zamani," basi. Wangapi kati yetu wamtajao mtunzi wa shairi? Wangapi wamewahi kuuliza habari za mtunzi wa mahadhi? Tukimcheka Lina Lamont, tucheke kwa adabu.

Mimi nami nina deni langu, na itakuwa aibu kulificha baada ya kuwahukumu wengine kwa urefu huu. Mwaka mmoja kabla ya filamu ile shule yetu ilipeleka ngonjera katika mashindano. Ngonjera ilisifiwa, na zilizosifiwa zaidi zilikuwa beti nne za katikati. Beti zile hazikuwa zangu. Zilikuwa za msichana yule yule aketiye nyuma. Aliniletea katika daftari lake, nikamrekebishia vina viwili vitatu, nikaziingiza. Karatasi ya waamuzi ilikuwa na nafasi moja ya jina la mtunzi, nami nikaandika langu. Sikudhamiria wizi, nilikuwa na haraka. Nilipeleka mbele. Naye hakusema neno. Siku ya mashindano alisimama mstari wa tatu, akazikariri beti zake mwenyewe kama mtu aliyeziazima.

Niliposoma ukurasa wake usiku ule, nilifahamu kwamba alikuwa ameona katika filamu kitu ambacho sisi wengine hatukukiona, na nilifahamu pia alikojifunzia kukiona. Kesho yake, kwenye gwaride la asubuhi, nilisimama mbele ya shule nikaeleza habari za beti zile na kulitaja jina la mtunzi wake. Kisha niliwaandikia waandalizi wa mashindano barua ya kusahihisha. Yeye hakutabasamu wala hakunishukuru. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyelipwa deni lake baada ya siku nyingi, akarudi mahali pake. Wala hakuwa na la kunishukuru.

Kwa hiyo usidhani kwamba nimekuandikia habari za filamu ya Wamarekani tu. Darasani mwako yuko anayefanya hesabu ambazo mwingine huzisoma kwa sauti kubwa. Yuko aandikaye insha inayopata alama kwa jina la rafiki. Nyumbani mwako yuko apikaye chakula ambacho mgeni humsifia mwenye nyumba. Nyuma ya mapazia haya yote yuko mtu, na kila siku tunampita kwa haraka kwa sababu tunangoja sehemu ya ngumi.

Usiipende filamu yoyote kwa kuwa mwalimu wako anaipenda. Ichukie ukitaka, ila itazame yote kwanza. Ukisha kuitazama, sema uliona nini, na useme "kwa sababu." Kisha uliza ni nani aliyefanya kazi asionekane. Na utakapoketi tena kibandani jioni, wimbo ukianza na kelele zikapanda toka pande zote, nyamaza wewe, usikilize. Mtu yumo ndani ya wimbo ule, naye ana jina. Liulize.